Mnataka kufunga barabara kuu ya katikati ya mji? Anzeni na magari yanayopita tu

Umeniuliza hivi, nafupisha ili twende sawa. Uko kwenye kamati ya mji wenu na mnataka ile barabara kuu ya katikati, yenye maduka pande zote mbili na foleni kutwa nzima, iwe ya watu wanaotembea kwa miguu. Injinia wenu anasema mkiifunga foleni itahamia mitaa ya nyuma. Wenye maduka wanasema mtawafilisi. Halafu kuna mtu kaleta mchoro mzuri wa vigae, maua na chemchemi, kila mtu kaupenda. Unauliza muanzie wapi, mfunge yote au nusu, na mwishoni ukachomekea swali la baiskeli.

Ntaanza na mchoro, mana ndio unaonitia wasiwasi kuliko injinia na wenye maduka wote ukiwajumlisha. Michoro ya namna hiyo nimeiona mingi. Watu waliochorwa humo siku zote ni vijana, wameshika maputo, hakuna aliyebeba mzigo kichwani, hakuna bibi aliyesimama katikati kutafuta pumzi, na gari hamna hata moja. Sasa yale magari yaliyokuwepo jana yameenda wapi? Mchoro haujibu, na hilo ndio swali lenyewe. Vigae viwe vya mwisho. Mkianza na vigae mtamaliza hela kabla hamjagusa tatizo, halafu mwaka wa pili malori ya mzigo yatakuwa yameshavipasua na kamati itabaki kulaumiana.

Mimi ningeanza na kitu cha bei ya bure kabisa, daftari mbili na watu wawili wenye macho mazuri. Mmoja anakaa mwanzo wa barabara, mwingine mwisho wake, kila gari linalopita wanaandika tarakimu tatu za mwisho za namba yake na saa lilipopita. Fanyeni asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi ya kawaida, halafu mrudie siku ya mapumziko. Usiku mnakaa mezani mnalinganisha. Gari lililoingia saa nne na dakika kumi likatokea upande wa pili saa nne na dakika kumi na tatu, hilo halijasimama, halijanunua hata kiberiti, limekatisha tu kwa sababu hapo ndio karibu. Niliwahi kulifanya zoezi hili kwenye mji mmoja ambao wakubwa wake walikuwa wameapa kwamba magari yote pale ni ya wateja, na tulipomaliza kulinganisha daftari chumba kikawa kimya, mzee mmoja mwenye duka akaomba daftari ajihesabie mwenyewe, akahesabu mara mbili, akavua miwani.

Kwaiyo kabla ya neno kufunga, tofautisheni gari linalofika na gari linalopita. Gari linalofika lina sababu, limeleta mteja, mzigo, mgonjwa, fundi. Linalopita linawaachia moshi na honi na haliachi senti. Haya mawili mkiyachanganya kwenye mjadala mtagombana miaka kumi, kwa sababu wenye maduka wanalipigania la kwanza huku ninyi mnalichukia la pili, na kila upande unadhani mwenzie hana akili.

Wapo waliolielewa hili mapema. Mji wa Groningen kule Uholanzi, mwaka 1977, waliigawa katikati ya mji vipande vinne na wakasema gari halivuki moja kwa moja kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Kuingia unaingia, unashusha mzigo wako, unamchukua mzazi wako, hamna neno, ila ukitaka kwenda kipande cha jirani itabidi utoke nje hadi barabara ya mzunguko ndio uingie tena. Mwenye miguu na mwenye baiskeli wao wanakatisha tu. Ghent ya Ubelgiji wakaja kufanya kitu cha aina hiyohiyo mwaka 2017, wao wakagawa vipande sita kuzunguka eneo la watembea kwa miguu. Ukiangalia vizuri hapo hakuna nyumba ambayo gari halifikii, kilichoondolewa ni ile faida ya kukatisha. Dereva hakatazwi kuja, anakatazwa kuufanya mji kuwa njia yake ya mkato. Na kazi yote inaweza kufanywa na vigingi vichache, alama za barabarani na mitaa kadhaa iliyogeuzwa kuwa ya upande mmoja, hivyo vigae mnavyovitamani vinaweza kusubiri hata miaka mitano.

Pontevedra ya Hispania nayo usiiache. Mwaka 1999 alichaguliwa meya aliyekuwa daktari, Miguel Anxo Fernández Lores, na hoja yake ilikuwa hiihii, kuondoa magari yanayopita na yale yanayozunguka kutafuta paking, yenye shughuli ya lazima yaendelee kuingia. Huu mfano nauleta kwa sababu ni mji mdogo, wa watu kama 80,000 na ushee, mana kila nikitaja Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, watu wananiambia sisi sio Copenhagen. Kitu kingine walichofanya pale ninakipenda sana: walichora ramani inayofanana na zile za treni za chini ya ardhi, ila badala ya reli zinaonekana njia za miguu, na kati ya kituo na kituo imeandikwa dakika za kutembea. Watu wengi hawajui kwamba soko na kituo cha basi vimeachana dakika saba tu, kichwani mwao ni mbali kwa sababu wamezoea kukaa kwenye foleni ya dakika ishirini.

Sasa injinia wenu. Usimdharau, hoja yake ina nusu ya ukweli. Anafikiri magari ni kama maji kwenye bomba, ukiziba hapa yatafumukia pale kwa ujazo uleule. Lakini maji hayana akili ya kuahirisha safari, dereva anayo. Kuna utafiti wa Waingereza, akina Phil Goodwin, waliokusanya mifano zaidi ya 70 kutoka nchi 11 ya sehemu ambazo barabara ilipunguzwa au kufungwa, ripoti zikatoka 1998 na 2002. Katika nusu ya mifano hiyo, asilimia 11 au zaidi ya magari yaliyokuwa yakitumia barabara ile hayakuonekana tena popote, hata kwenye mitaa ya jirani. Watu walibadili saa ya kutoka, wakaunganisha safari mbili kuwa moja, wengine wakatembea, wengine wakapanda basi, wengine wakaenda sokoni siku nyingine. Sio kila mahali ilikuwa hivyo, ipo mifano ambayo magari hayakupungua hata kidogo, kwaiyo usiende kikaoni ukatangaza kwamba foleni itayeyuka. Injinia kasema itahama, mwambie sehemu itahama na sehemu itapotea, na ile itakayohama tuiandalie njia.

Hapo kwenye kuiandalia ndipo miji mingi inapojikwaa. Wanafunga barabara kuu siku ya Jumatatu, Jumatano madereva wameshagundua njia za panya, vichochoro vya makazi ambavyo watoto walikuwa wanachezea vimegeuka barabara ya magari ya kasi, na wakazi wa huko wana haki kabisa ya kuja na mabango. Kabla hamjagusa barabara kuu tembeeni kwa miguu kwenye mitaa yote ya nyuma, kila mmoja, mjiulize dereva mwenye haraka atapita wapi, halafu mzibe hizo njia kwanza. Kigingi kimoja katikati ya kichochoro kinatosha, watu wanapita, gari halipiti. Nimesema kwanza, yani kabla, sio baada ya malalamiko.

Haya, wenye maduka. Hawa nawaelewa kuliko watu wengi wa fani yangu wanavyowaelewa, kwa sababu kama mradi ukienda vibaya mimi ntapata mradi mwingine, yeye atafunga duka. Lakini kuna kitu wanachokosea karibu kila walipowahi kuulizwa. Bristol, Uingereza, waliwauliza wenye maduka wateja wenu wangapi wanakuja na gari, wakakadiria asilimia 41. Walipoulizwa wateja wenyewe ikawa 22. Graz ya Austria, wenye maduka walisema 58, ukweli ukawa 32, na wale wa miguu waliokadiriwa kuwa 25 kumbe walikuwa 44. Sababu iko wazi ukikaa dukani siku moja. Mteja wa gari anaonekana, anapaki mlangoni, anakulalamikia paking, anakukumbusha mara tatu kwamba kaja na gari. Wa miguu anaingia, ananunua, anatoka, nani alimuuliza kaja na nini? Hizo namba za Bristol na Graz zisiwe silaha yako kwenye kikao lakini, zitawafanya wajione wajinga. Wape karatasi, kila mwenye duka awaulize wateja wake wiki nzima umekuja na nini na unaishi wapi, aweke alama mwenyewe. Namba aliyoihesabu mtu kwa mkono wake hawezi kuikana.

Na kuna upande wa pili ambao watu wa mradi hawapendi kuutaja, mimi ntautaja. Kufunga barabara kuliwahi kushindwa vibaya. Marekani, mwaka 1959, Kalamazoo walifunga mtaa wao mkuu kwa mpango uliobuniwa na Victor Gruen, mtu yuleyule aliyesanifu majengo makubwa ya maduka ya nje ya miji. Miji mingi ikaiga, na mingi kati ya hiyo ikaja kurudisha magari. Chicago waliifanya State Street kuwa ya mabasi na watu mwaka 1979, wakarudisha magari 1996. Kalamazoo wenyewe wakarudisha magari kwenye sehemu ya mtaa ule mwaka 1998. Fresno walidumu kuanzia 1964, wakafungua tena 2017. Kwanini? Watu walikuwa wameshahama katikati ya mji wakaenda kuishi nje, maduka nayo yakawafuata, ofisi zikifungwa jioni hakuna anayebaki hata wa kupiga soga. Ukifunga barabara ambayo haina watu unapata barabara tupu isiyo na magari, na barabara tupu inatisha usiku. Iliyobaki hai mingi ni ya miji ya vyuo vikuu kama Boulder, Burlington na Charlottesville, ambako mtu wa kutembea yupo saa zote kwa sababu anaishi palepale.

Ndio mana swali lako la yote au nusu siwezi kulijibu bila kukurudishia swali: nani anaishi juu ya hayo maduka? Saa mbili usiku kuna taa ngapi zinawaka ghorofani? Basi linashusha watu umbali gani? Kama jibu ni watu wengi, basi karibu, taa nyingi, fungeni yote bila woga. Kama katikati ya mji wenu inakufa saa kumi na mbili jioni, msifunge yote. Wekeni barabara ambayo magari yanaingia polepole na kwa uchache, mpanue njia ya miguu, muache basi lipite. Ningekuwa mimi, kwa maelezo uliyonipa, ningefunga kile kipande cha katikati ambako ulisema watu tayari wanatembea barabarani kwa kukosa nafasi, kile kiwe cha miguu moja kwa moja, na huku na huku niache gari liingie kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa na lisiweze kukatisha.

Huo mwendo wa 30 tuuongelee kidogo, watu wanauona ni uonevu. Chukua dereva mzuri anayeshtuka ndani ya sekunde moja, lami kavu, breki nzima. Akiwa kwenye 30 kwa saa, kuanzia anapomuona mtoto mpaka gari linasimama kabisa ni kama mita 13. Akiwa kwenye 50 anahitaji kama mita 28. Ila sio hapo penye kushtua. Katika hiyo sekunde moja ya kushtuka tu, gari la 50 limeshakwenda karibu mita 14, yani pale ambapo la 30 limesimama kimya, la 50 halijaanza hata kukanyaga breki na linampitia mtoto likiwa na 50 yake kamili. Siku hizi nikiwa na kikao napima hizo mita kwa chaki nje ya ukumbi, naweka kiatu kama mtoto, maneno yanakuwa machache.

Halafu kibao cha 30 peke yake ni pambo. Dereva anaendesha kwa jinsi barabara inavyomwambia, na barabara pana iliyonyooka inamwambia kanyaga. Njia za magari za mjini nyingi zimejengwa kama za barabara za safari ndefu nje ya mji, mita tatu na nusu na zaidi kila moja. Mita 3 zinatosha, na basi linapita. Barabara ya njia mbili ukitoa sentimita 50 kila njia unapata mita 1 nzima ya kumpa mtembea kwa miguu, bila kubomoa ukuta wa mtu. Kona vilevile. Kona iliyokatwa kwa duara kubwa gari linapinda bila kupunguza mwendo, na hapohapo ndipo mtu anavuka. Ikazeni kona, dereva atalazimika kukaribia kusimama, na umbali wa kuvuka unapungua kwa wakati mmoja. Ila kabla ya kumwaga zege wekeni koni au matairi yaliyopakwa rangi mahali kona mpya itakapokaa, halafu iteni gari refu la zimamoto lije kupinda. Nasema kwa uchungu, mahali fulani niliwahi kushiriki kupanga vyungu vya maua vya zege, vizuri, vizito, tukapiga picha, wiki ya pili zimamoto wakaja kufanya mazoezi na gari likakwama kama ng'ombe kwenye zizi. Vikahamishwa kwa winchi watu wakiangalia, na mimi nikiwemo.

Kuvuka sasa. Simama kwenye kivuko chenu chenye mataa, chukua saa. Watu wengi wanaopanga muda wa taa wanahesabu mtu anakwenda mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 14 hiyo ni sekunde kama 12. Mzee anayekwenda mita 0.8 anahitaji sekunde 17 na nusu. Taa ikimgeukia amebakiza zaidi ya mita nne, na zile mita nne ndizo anazoota usiku, kesho hatoki nyumbani. Hamwezi kumfanya mzee akimbie, ila barabara mnaweza kuifanya iwe nyembamba. Ile sehemu ya kuvukia, sukumeni njia ya miguu mbele pande zote mbili mpaka pabaki mita 7 za lami, sasa mzee huyohuyo anavuka kwa sekunde tisa kasoro. Pandisheni kivuko chenyewe kiwe usawa wa njia ya miguu, gari ndilo lipande na kushuka na mtu apite sawasawa. Tuta na zebra vinakuwa kitu kimoja.

Na zebra iwekwe watu wanapovukia kweli. Hili halihitaji digrii. Kaa asubuhi moja uangalie watu wanakatisha wapi, kwenye majani utaona pameota njia, kwenye ukuta wa katikati utaona tofali limetolewa. Mara nyingi zebra imewekwa mita hamsini pembeni kwa sababu injinia alitaka mataa yakae mbali na kona, halafu wanakuja kuweka uzio ili watu walazimike kuzunguka. Watu wakiruka uzio wanaitwa wakaidi. Huo uzio uondoeni, muihamishe zebra.

Kwa wasioona naomba muda kidogo, kwa sababu hapa kuna mtego wa kisasa. Miaka ile alikuwepo mtaalamu wa Uholanzi, Hans Monderman, aliyesema ondoeni alama, mataa na kingo, kila kitu kiwe usawa mmoja, watu wataangaliana machoni na wataheshimiana. Kwenye baadhi ya sehemu, kama mji wa Drachten, ilienda vizuri kiasi cha watu kuja kutalii makutano ya barabara. Lakini kuangaliana machoni kunataka macho. Asiyeona alikuwa anaujua mwisho wa njia ya miguu kwa ule ukingo fimbo yake inapogonga, ukiufuta ukingo umemfuta na yeye. Uingereza walijenga mitaa mingi ya namna hii, malalamiko yakazidi, mwaka 2018 serikali ikaziomba halmashauri zisitishe mipango mipya ya usawa mmoja. Kwaiyo mkitaka usawa mmoja, ifanyeni sehemu ambayo magari yameondoka kweli, na hata hapo wekeni vile vigae vyenye vinundu na mistari inayosikika mguuni. Vilibuniwa na Mjapani, Seiichi Miyake, vikawekwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Sharti ni kwamba mstari uwe mtupu. Nimeona mstari umewekwa vizuri halafu nguzo ya umeme imesimama juu yake, yani unamuongoza mtu asiyeona kwa heshima zote mpaka kwenye nguzo.

Upana ni suala la dakika moja. Wilicheya mbili zipishane zinataka mita 1.8, mimi napenda mita 2 tupu, na tupu maana yake baada ya kutoa nguzo, mti, pipa la taka, kibao cha duka, pikipiki iliyopaki na meza ya mchuuzi. Rampu isiwe mkali kuliko mita 12 za urefu kwa mita 1 ya kupanda. Wachuuzi msiwafukuze, wapangieni mstari wao upande wa lami, kati ya miti, wao ndio wanaofanya mtaa uwe na macho jioni. Miti nayo iwe ya kivuli, sio ile mirefu ya mapambo inayotoa kivuli cha fimbo.

Mzigo. Kila mradi uliofia njiani ninaoufahamu mimi, kama sio siasa basi ni mzigo. Duka la vitanda haliwezi kuletewa vitanda kwa nia njema. Wekeni masaa, kwa mfano kabla ya saa tano asubuhi magari ya mzigo yanaingia, baada ya hapo vigingi vinapanda. Na pembeni ya eneo, mitaa ya kuingilia, tengeni nafasi za kushushia ambazo ni za kushushia kweli, mkokoteni unafika mlangoni ndani ya dakika mbili. Mtu mwenye ulemavu wa kutembea aruhusiwe gari lake limsogeze. Ambulensi inapita muda wote, hiyo haina mjadala, acheni mita 3.5 zisizo na kitu katikati mwanzo hadi mwisho.

Na msijenge bado. Jaribuni. Curitiba ya Brazil, mwaka 1972, meya Jaime Lerner alifunga mtaa wa Rua XV de Novembro kwa kazi iliyoanza Ijumaa jioni baada ya mahakama kufungwa, mana alijua wangekwenda kumzuia huko, Jumatatu watu wakaamkia mtaa wa miguu. Baadae wenye magari wakapanga kuuvamia kwa msafara, akatandika makaratasi barabarani akaita watoto wachore. Nani atampitia mtoto anayechora? Ni hadithi tamu, ila ile mbinu ya kuviziana siwashauri, Jumatatu mahakama inafunguliwa na mnaweza kuzuiwa. New York walikuwa wapole zaidi, mwaka 2009 pale Times Square, chini ya Janette Sadik-Khan aliyekuwa mkuu wa idara ya usafirishaji, walipaka rangi, wakaweka madebe na viti vya kukunja vya bei rahisi, wakasema ni majaribio. Watembea kwa miguu wanaojeruhiwa wakapungua asilimia 35, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa ya kudumu. Copenhagen vilevile, mtaa wao wa maduka, Strøget, ulifungwa Novemba 1962 kama jaribio, na wapo waliosema baridi yao haifai kwa mambo ya kutembeatembea, miaka miwili baadae ukafanywa wa kudumu.

Jaribio lenu liwe la miezi sita kwenda juu. Wikiendi moja ni sherehe, haiwafundishi kitu, foleni ya wiki ya kwanza ni mbaya siku zote na ndio wiki ambayo waandishi wa habari wanakuja kupiga picha. Kabla ya kuanza hesabuni watu, sio magari tu. Wangapi wanapita kwa saa, wangapi wamekaa, wangapi ni wanawake, wangapi ni watoto, wangapi wana fimbo. Msanifu Jan Gehl amefanya kazi hiyo Copenhagen miaka na miaka na ndio sababu wakiulizwa wana majibu. Mkiona baada ya miezi sita wameongezeka wanaokaa, hata kama wanaopita ni walewale, mmefanikiwa kuliko mnavyodhani, mtu anakaa mahali anapojisikia salama.

Baiskeli, ulichomekea lakini ni swali zuri. Kwenye kipande cha miguu, ikiwa kimejaa watu, asukume kwa mkono mchana na aendeshe usiku na alfajiri, na mumpe mtaa sambamba ulionyooka ambao gari halikatishi, mana usipompa njia atapita kwa watu tu na utamlaumu bure. Pikipiki nayo iingie kwenye sheria ya gari, wala msiilegezee kwa sababu ni nyembamba. Vigingi vikiwa na nafasi ya mita moja na nusu kati yake wilicheya inapita na pikipiki nayo inapita, hilo hakuna kigingi duniani kitakachowatatulia, hapo mnahitaji mtu wa kusimama pale miezi miwili ya mwanzo. Mtafuteni mmoja kati ya wenye maduka waliokuwa wanapinga, mumvalishe kizibao.